Boneti ya Moto, Saa Mbili

Kabla hujafungua chochote, alinifundisha,
weka kiganja juu ya boneti.
Injini iliyolala usiku kucha ina ubaridi
wa sufuria iliyosahauliwa nje.
Ikiwa na joto, kuna mtu ameiamsha kabla yako,
naye ana sababu.

Nilikuwa na miaka kumi na sita,
mtoto wa kike pekee katika gereji za Maweni.
Wenzangu walipewa spana.
Mimi Fundi Ngowa alinipa kigoda,
akakiweka nyuma ya ekzosi:
"Keti hapo, Mwanakombo. Soma."
Nikasoma hadi kamasi zikawa masizi.

Moshi mweusi ni mlafi. Umepakuliwa mafuta kuliko hewa,
unameza usichoweza kutafuna.
Fungua filta: utalikuta vumbi la Marafa humo,
jekundu, limejipangia chumba.

Mweupe usiuhukumu upesi.
Asubuhi za Julai huwa ni pumzi tu; ngoja dakika tano.
Usipokatika, sogeza pua. Una utamu,
kama sharubati iliyoungulia jikoni?
Basi maji ya rejeta yameingia yasikoalikwa.
Mwambie mwenye gari aketi kwanza,
ndipo umtajie bei ya gasketi.

Wa buluu, hapo Ngowa alishusha sauti
kama anayemsema mgonjwa naye yumo chumbani.
"Hiyo ni oili inaungua.
Ukitoka kila ukikanyaga mafuta, ringi zimekwisha.
Lakini ukitoka mara moja tu, injini ikiamka,
kisha ukapotea kana kwamba umemwona mkwe,
ni sili za valvu. Zimevuja usiku, tone, tone.
Huo ndio moshi wa kufichwa.
Mwenye kuuza huuwahi alfajiri."

Leo Mbeyu, mshona sare za shule, ameniita nimtazamie gari.
Atapelekea sare Gongoni, asipande tena pikipiki
na marobota mgongoni.
Pesa kazifunga katika kipande cha sare,
buluu, kilichobaki kwenye sketi za darasa la nne.

Probox nyeupe, imeoshwa hata matairi.
Muuzaji kaegemea mlango, kofia mkononi,
ndevu zimeota mvi tangu tuonane.
Ngowa.
Kiwanja chake walikichukua mwaka juzi;
sasa panauzwa aiskrimu ya Kitaliano.

Nikaweka kiganja.

Si jua. Jua la saa mbili huchoma bati juu juu.
Joto hili lilipanda kutoka chini.
Akaniona nilivyoona.
"Gari halina neno," akasema,
akiviambia viatu vyangu.

Ningeweza kuliwasha. Lingetoa hewa tupu,
na Mbeyu angefungua fundo la kitambaa.
Nikauchukua ufunguo, nikautia mfuko wa ovaroli.
"Tulisukume chini ya turubai," nikasema. "Tunywe chai."

Tukanywa. Tukanywa tena.
Mbeyu akatuhadithia mteja aliyekataa vifungo kwa sababu vina matundu manne.
Nikacheka peke yangu.
Mahamri ya Ngowa yakakauka sahanini, mbaazi zikafanya utando.
Bati la gereji likaanza kulialia kwa joto la adhuhuri,
na kule kivulini injini ikipoa, tik, tik,
kila mmoja wetu akiisikia.

Saa nane akasimama mwenyewe.
Akanyoosha mkono. Nikampa ufunguo.
Akabeba kigoda changu, kile kile, mguu mmoja umefungwa waya,
akakiweka nyuma ya ekzosi.
"Keti hapo, mama," akamwambia Mbeyu. "Soma."

Starta ikakohoa.
Wingu moja, la buluu, likatoka bila haraka,
likampita Mbeyu usoni, likapita juu ya ukuta wa jirani.
Kisha hakuna.

"Toa elfu arobaini kwenye bei," akasema Ngowa toka ndani,
hajageuza shingo.
"Huyu atazibadilisha. Anajua."

Mbeyu akanitazama, kitambaa bado kimefungwa.
"Ziko ngapi, hizo sili?"
Kumi na sita, nikamwambia.
Nikaenda kutafuta spana.