Matundu Manne

Sakafu hii Orrin aliimwaga mwenyewe,
magunia sitini ya saruji, kiangazi cha mwaka tuliooana,
akailainisha kwa ubao, magoti chini, hadi usiku.
Hakuruhusu itobolewe hata kwa msumari.

Kwa hiyo mashine ya kubadilishia matairi
aliifunga kwenye kitako cha mbao,
na kila Oktoba, kabla theluji haijaziba njia ya Minot,
aliniita: “Verna, njoo usimame hapa.”
Nikasimama. Kilo sabini na mbili za mke,
koti zito, mikono mfukoni,
naye akizunguka na mtaimbo,
mashine ikijivuta kumfuata
kama mbuzi aliyefungwa kamba fupi.
“Ungeongeza kula kidogo!”
Tukicheka, tairi likaachia rimu.

Leo nimekodi keekee.
Vumbi la zege limenijaa kwenye kope.
Tundu la kwanza nililia.
La pili nilipima mara mbili, nikakosea, nikapima tena.
La tatu sikumbuki.
La nne lilikuwa tundu tu.
Nikapuliza, nikagongomea bolti,
nikakaza nati mpaka spana ikagoma.

Sasa napaka maji ya sabuni ukingoni,
napenyeza mtaimbo, nazunguka mwenyewe.
Chuma kimetulia. Hakiniombi uzito.

Matairi matatu yamekwisha.
Kabla ya la nne nikajikuta nimesimama
pale zilipokuwa zile mbao,
mikono mfukoni,
nangoja kuambiwa nishuke.