Kituo Namba Saba

Antena mbili lazima zionane.
Ndivyo nilivyofundishwa, ndivyo ninavyofundisha:
hii ya paa la ofisi, Makutupora,
na ile ya mlingoti juu ya mawe, ng'ambo ya Hombolo,
zitazamane kama wachumba waliokatazwa kugusana.
Mkungugu mmoja ukichipua katikati, basi.

Mwaka juzi tulipandisha vyuma kwa mabega:
mabomba, betri, paneli ya sola,
na chombo cheupe, upana wake sahani ya wali,
ambacho bei yake sikumtajia mtu kijijini.
Sechelela Ndahani alishika kamba kule chini
kwa mikono yenye miaka kumi na tisa ya daftari:
kila siku saa tatu asubuhi, kipimo cha mvua,
tarehe, milimita, sahihi,
na pambizoni, kwa herufi za kubana,
mambo ambayo hakuna aliyemtuma:
*Funza wa shina, kitalu cha tatu.*
*Mbuzi wa Chiloleti tena.*
*Upepo wa leo siupendi.*

Mashine haina pambizo.
Kila robo saa inatuma unyevu wa udongo,
joto, mwanga, nguvu ya betri.
Nikamwambia, "Pumzika sasa, mama, shamba linajisoma lenyewe."
"Linajisoma nini?"
Nikamwonyesha kwenye simu mistari mitatu ya rangi.
Akaitazama
kama mtu aliyeonyeshwa picha ya mwanawe
iliyopigwa na mgeni.

Mwezi wa nne, Jumanne, saa mbili na dakika kumi,
namba saba ikanyamaza.
Mkubwa wangu akasema betri.
Mimi nikasema upepo umegeuza antena.
Tukavuta mistari nyuma hadi ilipokatika:
unyevu asilimia ishirini na tatu, joto la wastani,
mtama wa kupigiwa mfano.
Kwenye skrini hapakuwa na shamba zuri kama lile
kanda nzima ya kati.

Nikafunga spana na betri mpya nyuma ya pikipiki,
nikapita matope ya mwisho ya masika,
na kabla sijaona kitu, nikasikia:
mvua kubwa juu ya bati,
pasipo bati, pasipo mvua.

Kwelea kwelea.
Wingu linatua, mtama unainama,
wingu linainuka, mabua yamebaki na vichwa vitupu.
Sechelela katikati ya vitalu anagonga debe,
sauti imemkauka, watoto wa shule wana manati
na mawe yamewaishia.

Nikapanda mlingoti kwanza. Ndiyo kazi yangu.
Antena iko sawa.
Nikashuka kwenye kisanduku: betri imejaa,
waya umechomolewa,
ncha yake imefungwa kipande cha kanga
vumbi lisiingie.

"Mimi," akasema, bila kuacha kugonga.
"Simu haishiki bondeni huku.
Huyu wenu anaongea na Makutupora usiku na mchana,
na ndege hawa hajawataja.
Nikasema nimfunge mdomo, mtakuja.
Mngekuja kwa barua?"

Sikujibu.
Nikafungua kile kipande cha kanga,
nikarudisha waya, nikasubiri taa tatu za kijani,
nikaandika kwa vidole vyenye grisi:
KWELEA KWELEA NAMBA SABA LETENI NDEGE YA DAWA.
Ilifika siku ya tatu.
Tuliokoa vitalu viwili na nusu ya kingine.

Katika ripoti, mbele ya *sababu ya kukatika*,
mkubwa wangu aliandika: hitilafu ya umeme.

Kabla sijaondoka nilishusha waya mmoja zaidi
hadi kimo cha bega lake,
nikaacha simu yangu ya zamani, kioo kimepasuka,
ndani ya kopo la maziwa ya unga.
Kesho yake, saa tatu kamili, chini ya mistari ya rangi:

*Mbukwenyi. Mvua sifuri.
Mbuzi wa Chiloleti wamekula kopo,
simu nimeiwahi.*