Pumzi ya Bulengo

Walitufundisha kwanza kulala.
Si usingizi: kulala chini, kifua juu ya jiwe jeusi,
katika shimo la Bulengo ambamo mazuku hukusanyika
kama maji yasiyo na rangi.
Kuku alikufa kabla hatujafika kumi.
Mbuzi, arobaini na mbili.
Ma Nabintu aliketi ukingoni akichambua maharagwe,
akihesabu kwa sauti ya muuza nyanya:
mia. Mia na hamsini. Mia mbili.
Aliyeinua kichwa mapema
hatukumwona tena kwenye sahani ya jioni.

Tulikuwa kumi na mmoja. Tukawa saba.

Mwaka wa pili tulijifunza kuvuta.
"Msizuie tu. Yapokeeni. Pafu ni kibuyu."
Tukayapokea. Yana uchachu, kama sarafu ulimini,
kisha yanashuka chini ya moyo, mazito, yanangoja.
Soki ndiye wa kwanza kupanda nayo akiwa hai.
Aliyapuliza mezani: mshumaa ukazima,
nzi wakadondoka kwenye ugali,
naye akacheka kwa pua, mdomo kaufumba.

Kazi yenyewe ni nyepesi, sitadanganya.
Ukuta wa mawe ya volkano una vishikio vingi.
Unaingia Himbi kwa mwenye geti na mbwa watatu,
unamwinamia kama anayebusu mtoto,
unatoa.
Hakuna damu, hakuna jeraha la kumwonyesha jaji.
Asubuhi majirani wanasema: mazuku yamepita,
nyumba yake iko bondeni, Mungu ampokee.
Ma Nabintu anafuta jina daftarini
kwa kalamu ya bluu ya wanafunzi.

Tisa ni yangu. Sitayataja. Usiku yanajitaja.

Ila hakuna aliyetuambia habari ya moto.
Nilipewa ruhusa siku mbili, nikaenda Mabanga kwa mama.
Mvua ilikuwa imelowesha makala.
"Kavugho, njoo upulize, moshi umenila macho."
Nikapiga magoti mbele ya mbabula,
nikapuliza taratibu, kama zamani.
Kaa la kwanza likawa jeusi. La pili. Yote.
Hata chungu kikanyamaza.
Mama hakuuliza. Alichukua kigae cha sahani,
akaenda kuomba moto kwa jirani,
na aliporudi akauweka upande wa mbali nami.
Tulikula sombe. Alinipakulia mara mbili
bila kunitazama.

Leo jina ni Soki.

Ametoroka miezi saba. Anauza sambaza Birere,
analala kwenye chumba cha mbao
kilichosimama juu ya lava iliyomeza chumba kingine.
Nimeingia kwa dirisha. Hajalala.
Ameketi kitandani, mikono inanuka samaki,
mashavu yamejaa.
Alikwenda Bulengo jioni, basi, kama mimi.
Alijua watamtuma nani.

Nimeketi mbele yake, magoti yanagusana.
Taa ya mafuta iko katikati,
mwali wake haujui uinamie wapi.
Dirishani, juu ya mlima, mawingu ni mekundu
kama jiko la mtu anayepika bila haraka.
Nahesabu. Najua naye anahesabu,
vidole vyake vinagonga paja, kama zamani,
na kwenye kidole gumba ana kovu la kisu cha samaki
ambalo silijui, la maisha yake mengine.

Chukudu la kwanza linashuka na viazi,
gurudumu linapiga mawe, mwenyewe anapiga mluzi.
Soki anainua mkono.
Ananibana pua.

Ule mchezo wetu wa shimoni,
Ma Nabintu alipogeuza mgongo:
anayecheka kwanza anaosha vyungu vya wote.

Mia mbili na sitini.
Nami nimeinua mkono, nimembana yake.
Mia mbili na sitini na moja.
Mabega yake yameanza kutikisika.
Yangu pia.

Taa inatutazama.