Fofofo Haamki

Jumanne, saa moja jioni, Tukuyu imelowa chapachapa.
Ambakisye anaingia darasani na harufu ya kreti,
vidole vina utomvu wa maparachichi tangu alfajiri.
Ana barua ya kuandika. Kontena limekataliwa,
limekataliwa katakata, anasema,
na mnunuzi wa ng'ambo anataka maelezo kwa Kiingereza
kabla ya Ijumaa.

Anaanza: tunasikitika sana. Hiyo sana ni ipi, mwalimu?
Namwambia hapo sana haikai. Wao husema dipli,
kwa kina, kama kisima.
Anaandika kama alivyosikia: wi dipli rigreti.
Na kutegemea, nako kuna kina?
Hapana. Kutegemea kwao kuna uzito. Relai hevili oni.
Anacheka. Uzito anaujua: boksi moja kilo nne,
lori zima likipanda Isongole likiguna.
Na hiyo oni?
Oni ni juu ya.
Unamlalia mwenzio juu kwa uzito wako wote.

Kimya. Mvua inapiga bati.
"Sisi tunategemea tu," anasema. "Hatumlalii mtu."

Nikafuta ubao. Nikaandika: kulia.
Chini yake: kulilia.
Kile kineno chao kidogo, cha kwa, cha juu ya, cha kuelekea,
kinachosimama nje mlangoni kikinyeshewa,
sisi tulikivuta ndani zamani,
tukakikalisha tumboni mwa kitenzi,
hakionekani ila utege sikio.
Hama, hamia. Kimbia, kimbilia. Fa, fia.
Wao wakishakimbia, neno huwafuata nyuma kuuliza: wapi?

Ambakisye hakuridhika.
"Dipli asiende na kutegemea, nani kakataza?"

Miaka kumi na miwili nafundisha, na jibu langu ni lile lile:
wamezoeana.
Nikaona aibu, nikamgeuzia swali. Mtu hulala vipi?
Fofofo, wakaitikia wote.
Anaweza kula fofofo? Kulima fofofo?
Tumpe wa duka la pembejeo akasema, labda mume wangu,
darasa likavunjika mbavu.
Nani kakataza?

Hakuna. Fofofo kaolewa na lala,
hajawahi kuonekana sokoni na kitenzi kingine.
Weupe una pe wake, weusi una ti,
na ukimpelekea weusi pe
hata mtoto wa chekechea atakucheka.

Mimi nilifundishwa na mama, bila yeye kujua.
Mkunga, mtu wa Iringa, Kinyakyusa kilimpiga chenga hadi uzeeni,
kwa hiyo nyumba yetu ya Kyimo ilikuwa kisiwa cha Kiswahili.
Usiku mmoja baba mdogo aliuliza kama niko macho,
wapate kusemezana mambo ya deni.
Mama akainua koroboi, akanimulika.
Sema tu. Kalala fofofo.

Sikuwa nimelala.
Nilijibana chini ya blanketi nikililamba lile neno,
laini, lina mvuke, kama kiazi kilichotoka kwenye jivu,
na deni lenyewe nililisikia lote,
hadi senti.

Saa mbili na nusu barua ikaisha.
Dipli aliiacha mahali pake; huzuni, alisema, kweli ina kina,
aliuona uso wa bosi.
Lakini kwenye mstari wa mwisho alikata hevili.
Wi relai oni yu. Basi.
"Uzito tumeshabeba wenyewe," akasema, "mpaka bandarini."
Nikaipitia mara mbili nikitafuta kosa.
Sarufi haikulalamika.

Wakatoka, miavuli, mifuko ya plastiki vichwani.
Mwanga wa taa ukapungua, ukarudi.
Ubaoni ilibaki hevili peke yake,
haina kitenzi kushoto, haina kineno kulia.
Nilishika dasta.
Nikaifuta, sijui kwa nini,
polepole.