Tanuri la Zamu Mbili

Saa tatu usiku, nikishatoa mkate wa mwisho,
Nsimire hupanda ngazi za Kadutu
na viatu vinne kwenye beseni.
Si vya mguu, huwaambia watoto wangu,
ni vya breki za kamio,
huchakaa kwa kukataa kwenda.

Nilimkatalia mara mbili.
Tanuri ni la mkate, nikasema,
jirani watanusa gundi kwenye chai yao.
Mara ya tatu alikuja na kuni zake mwenyewe
na nusu ya malipo, wala hakungoja jibu.

Hukwangua chuma kwa msasa
hadi king'ae kama sufuria ya bibi harusi,
hukiosha kwa petroli, kisha mtu asikiguse:
"Jasho la kidole kimoja linatosha kupindua kamio."
Gundi ina rangi ya asali iliyozeeka.
Maandishi ya kopo yamefutika,
imebaki tarakimu moja, mia tatu:
digrii ambazo, asema, ndipo inapoanza
kufikiria kuachia.

Hupaka nyembamba.
Nami nilidhani gundi nyingi ni nguvu nyingi.
"Wewe mteja wa mkopo unampakia siagi vipi?"
Nyembamba hivyo.
Hubana kwa jiriwa, hukaza kwa waya, hutia ndani,
nasi tunakaa kukitazama kipimajoto
cha jiko walilolitupa watawa.

Usiku mmoja, mvua ikipiga bati, nikamwuliza:
kitu kilichopikwa motoni,
moto ukikirudia, hakiyeyuki?
Beseni langu la plastiki lilisogelea makaa,
likadondosha machozi ya bluu.

Akachukua mkate uliododa, akaugonga mezani.
"Huu ukiurudisha tanurini, utakuwa kinyunya tena?"
Hautakuwa.
Utaungua, labda. Utakuwa mkaa.
Lakini kinyunya, hapana.
"Basi."

Miaka ishirini na sita naoka,
na hakuna aliyewahi kuniambia ninachofanya.

Birindwa hushuka Ngomo na kreti za bia,
kona imekalia kona,
na bonde chini halina haraka na mtu.
Jumatatu alirudi, akafungua gurudumu mlangoni pangu.
Bitana ilikuwa imelika, nyembamba kama ukucha,
nyeusi, imepasukapasuka kama kisigino cha mkulima.
Chini yake ule mstari wa asali
ulikuwa kimya, umeshika.

Nsimire aliupitishia kucha, taratibu, mwanzo hadi mwisho.
Sikuona furaha usoni mwake.
Kwenye pembe moja, kiasi cha punje ya mchele,
gundi ilikuwa imeinuka.
"Hapa niligusa," alisema,
akaanza kutafuta msasa.

Alfajiri huacha mlango wazi, tanuri lipumue.
Hata hivyo Mama Nakahuga hunusa mkate, hukunja pua:
leo tena umetiwa dawa ya hospitali?
Nampunguzia faranga mia, nafunga mdomo.
Mume wake hushuka Ngomo kila Ijumaa
juu ya kreti za Birindwa,
amelala.