Nguo ya Maji

Alikuja Jumanne, vuli imekatika,
na karatasi ya vipimo visivyo vya mtu:
urefu mita sita, duara sawa juu na chini,
hakuna kiuno, hakuna kwapa, hakuna shingo,
na matundu, Fundi Saumu, matundu mapana kama sahani,
uyapinde kingo yasitatuke.

Nikamtazama juu ya miwani.
Mwaka wa ishirini na sita huu nashona Barabara ya Kumi na Mbili:
sare za shule, madera ya maulidi, mapazia ya benki,
suti ya bwana harusi aliyenenepa kati ya posa na ndoa.
"Nakiete mwanangu, hii nguo ya nani?"
"Ya maji," akasema.
Kombo, mwanagenzi wangu, akacheka hadi akapoteza sindano.

Basi akachukua chaki yangu
akachora mezani, penye makovu ya mkasi.
Hapa juu boya, dogo kama mpira wa watoto,
tumboni mwake betri, na kidude cha kuongea na setilaiti.
Hapa chini, mwisho wa kamba, soksi yako.
Boya peke yake, alisema, ni mwongo.
Upepo ukilisukuma litakuletea habari za upepo
na kukuapia kwamba ni za maji.
Soksi ndiyo inayolishika mguu.
Inazama upepo usikofika,
inajaa maji, inafuata maji.
Na matundu?
Bila matundu ingeyumba huko chini
kama mlevi anayetafuta mlango wake.

Miaka yote hiyo nimelipwa kuziba.

Nikashona saba. Nailoni ya buluu, sindano nene,
cherehani likagoma mara mbili, nikalitukana, likaendelea.
Ya saba nikaitia ndani ya pindo uzi mwekundu,
mishono mitatu ya zigizaga.
Hakuna sababu. Mkono ulitaka.

Wakaenda kuzimwaga nje ya Ulenge, kwenye mkondo wa Pemba.
Mimi sikwenda; chombo hunitapisha hata kikiwa kimefungwa.
Ila kila Ijumaa Nakiete hupita na simu,
nukta saba juu ya ramani,
nami huacha mguu juu ya pedali nikatazama.

Moja ilizunguka humuhumu ghubani siku nne
kama mtu aliyesahau alichofuata dukani,
ikakwama kwenye mikoko.
Sita zikashika kaskazini,
mwendo wa anayewahi soko, usiku na mchana.
Zikapita Wasini, zikapita Mombasa, Malindi,
hazikununua kitu.
Huko mbele, msimu huu wa kaskazi,
mkondo wetu hukutana na mwingine unaoshuka,
uso kwa uso, wala hakuna anayepisha;
yote miwili hukunja kona kwenda mashariki.
Tano zikakunja nayo. Niliziona mwenyewe,
zinaingia pale ramani isipoandikwa neno.

Ya saba ikasimama.
Kisha ikaenda mstari ulionyooka, ambao maji hayaujui.
Nakiete akaikuza ramani kwa vidole viwili:
mchanga, njia, nyumba, mahali kaskazini ya Lamu.
Siku kumi na moja haikutoka kwenye nyumba ile,
halafu betri ikafa.
"Data imeharibika," akasema, akafuta jasho.

Mimi nawaza mita sita za nailoni nzuri.
Aliyeiokota nadhani ana wembe,
maana mshono wangu haufumuki kwa meno.
Pengine ni pazia la bafu sasa,
na mwoshwaji anayatazama yale matundu
akijiuliza ni wendawazimu gani huu.
Pengine amefika kwenye pindo.
Uzi mwekundu. Zigi, zaga, zigi.

Jana Nakiete amerudi. Anataka kumi.
Nimemwambia bei ya uzi imepanda.
Kombo amepiga magoti juu ya kitambaa,
anapima matundu kwa sahani yetu ya wali,
bado ina punje mbili.