Safu ya Watoto

Baba yangu Bachisio hajui kompyuta,
ila kondoo wake mia moja na tisini
anawajua kwa nyanya zao, na nyanya za nyanya zao.
Daftari lake linanuka jibini na moshi:
safu ya jina, safu ya mama, safu ya watoto,
zote kwa penseli ya seremala.

Mimi ninasoma ukoo mwingine.
Hapa Sassari, ghorofa ya tatu, dirisha halifunguki.
Kirusi kina vipande kumi,
kila kipande uzi wa herufi nne tu,
na mnakili wake ni mlevi
asiyerejea kusoma alichoandika.
Kosa hapa. Kosa kule.
Mengi hufa na mwenye nayo.
Moja huzaa,
na kabla mvua ya Oktoba haijaulainisha mlima
yupo mjukuu, kitukuu, kilembwe, kinying'inya,
na mialoni haijaangusha hata tunda.

Anayekibeba ni usubi.
Hata kivuli hana.
Baba alisema tangu mwanzo: siroko ndiyo iliyowaleta.
Mti wangu wa nasaba ulichukua miezi miwili
kukiri kile alichokinusa mlangoni.

Ikabaki sampuli ya arobaini na moja.
Vipande saba, ukoo wa mwaka juzi.
Vitatu, ukoo mgeni, wa ng'ambo ya maji.
Nikarudia. Nikalaumu mkono wangu, kisha mashine,
kisha Efisia aliyeweka lebo.
Lakini ilikuwa hivyo:
usubi wawili, usiku mmoja wa joto, kondoo mmoja,
na ndani ya seli moja ya mshipa wake
pakiti mbili za karata zikachanganywa
akatoka mchezaji asiyejulikana na zizi lolote.

Arobaini na moja ni Murichessa.
Nilimlea kwa chupa mwaka niliomaliza chuo.
Septemba alisimama kando ya birika,
ulimi umefura, rangi ya zabibu,
akiyatazama maji
kama mtu anayetazama deni.
Mwanawe alitoka kabla ya siku zake, hakupumua.
Lori la manispaa likawachukua wote wawili
na karatasi ya kutia sahihi.

Jumapili nilimweleza Baba, nikichora kwenye mfuko wa mkate.
Hakuuliza kosa ni la nani.
"Hiki kipya, basi, kilianzia ndani yake?"
Ndani yake, Baba.
"Kina jina?"
Kina namba, na mwaka.

Akalamba ncha ya penseli.
Akafungua ukurasa wa Murichessa,
na katika safu ya watoto, iliyokuwa tupu,
akaandika namba ile polepole,
akinisimamisha mara mbili
niitaje tena.